Kujibana Njaa ili Kupungua: Kwa Nini Mwili Hulipiza Kisasi?



Zamani mtu akirudi kijijini kutoka mjini akiwa amenenepa, watu walimpokea kwa furaha wakisema, "Umependeza, maisha yamekukubali." Unene ulikuwa dalili ya shibe, na shibe ilikuwa dalili ya neema. Siku hizi katika nyumba moja yanasikika maneno ya namna nyingi. Bibi anamwambia mjukuu wake, "Mbona umekonda hivyo? Kula, mjukuu wangu." Mama wa binti huyo amerudi kutoka zahanati akiwa ameambiwa kwamba shinikizo la damu limepanda, apunguze uzito. Binti mwenyewe amesusa ugali, kwa sababu wenzake wa shuleni wamemcheka kwamba ana mwili mkubwa.

Aliyemshauri mama huko zahanati hakukosea. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Unene wa kupita kiasi huongeza hatari ya kupata kisukari, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo. Kwa hiyo shauri la kupunguza uzito ni shauri jema. Shida iko katika njia tunayoifuata. Wengi wetu tukishaambiwa tupungue, tunakimbilia njaa. Tunaacha chakula cha asubuhi na cha mchana, tunashinda na maji ya limau, au tunanunua chai na vidonge vya kupunguza tumbo bila kumwuliza daktari. Mwezi wa kwanza mtu anapungua kweli, nguo zinampwaya. Mwaka ukiisha amerudi pale pale alipokuwa, pengine amezidi. Majirani wanasema hana nia, na yeye mwenyewe anaamini hivyo.

Je, ni kweli kwamba hana nia? Hebu tuangalie jambo lililofanyika miaka mingi iliyopita, ambalo bado linatufundisha.

VIJANA 36 WA MINNESOTA

Mwaka 1944 Vita Kuu ya Pili ilikuwa bado inaendelea, na watu wengi sana huko Ulaya na Asia walikuwa katika njaa. Wataalamu walijua kwamba vita ikiisha watu hao itabidi walishwe, lakini hawakujua vizuri namna ya kumrudishia afya mtu aliyedhoofishwa na njaa ya muda mrefu. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aitwaye Ancel Keys, aliamua kulichunguza jambo hilo kwa msaada wa vijana waliojitolea.

Vijana hao walikuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Wengi wao walitoka katika makanisa yenye mafundisho ya amani, kama vile Kanisa la Mennonite, ambalo lipo hata kwetu mkoani Mara, na Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, lenye waumini wengi Magharibi ya Kenya. Hawakutaka kuua, lakini walikuwa tayari kuteseka kwa ajili ya wenye njaa. Walichaguliwa vijana 36, wote wazima wa mwili na wa akili, baada ya kupimwa kwa makini. Walikaa katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa michezo wa chuo hicho.

Majuma 12 ya kwanza walikula kawaida, kiasi cha kalori 3,200 kwa siku. Kalori ni kipimo cha nguvu tunayoipata katika chakula. Kisha, kuanzia Februari 1945, kwa muda wa majuma 24, chakula kilipunguzwa hadi karibu nusu. Walipewa milo miwili kwa siku, zaidi viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi. Kila juma walitakiwa watembee kilometa 35 hivi. Lengo lilikuwa kila mmoja apoteze kama robo ya uzito wake. Mtu wa kilo 70 angefikia kilo 52 na nusu.

Tuzingatie kwamba hawakunyimwa chakula kabisa. Walipata kama kalori 1,570 kwa siku, na siku hizi zipo njia nyingi za kupungua upesi zinazotangazwa ambazo humpa mtu chakula kidogo kuliko hicho.

CHAKULA KILITAWALA MAWAZO

Miili ilipungua kama ilivyotazamiwa. Mapigo ya moyo yalikuwa ya polepole, miguu ilivimba, na vijana walivaa nguo nzito hata wakati wa joto kwa sababu walisikia baridi. Lakini makubwa zaidi yalitokea moyoni na akilini. Vijana waliokuwa wachangamfu wakawa wanyonge, wenye hasira za upesi. Mizaha iliisha. Waliokuwa wakipenda kujadili siasa na mambo ya dunia hawakutaka tena. Hata hamu ya kuwa na wachumba iliwatoka.

Mahali pa mambo hayo yote palichukuliwa na chakula. Walikizungumza mchana, wakakiota usiku. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kwa saa nyingi, ingawa hapo awali hawakujali mambo ya jikoni. Mezani walilamba sahani. Wengine waligeuzageuza chakula kidogo kwa muda mrefu, wakikichanganya na maji ili kionekane kingi. Walikunywa kahawa na kutafuna chingamu mfululizo hata ikabidi wawekewe kiasi. Wapo waliovunja masharti wakala kwa kificho, na baada ya hapo walilemewa na aibu na majuto.

Mwisho wa Julai 1945 walianza kuongezewa chakula kidogo kidogo. Mtu angedhani kwamba hapo taabu iliisha, lakini haikuwa hivyo. Katika kipindi hicho mmoja wao alijikata vidole vya mkono kwa shoka, na baadaye hakuweza kusema kwa hakika kama ilikuwa ajali au alikusudia. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi walikula zaidi ya mara mbili ya chakula chao cha zamani, na bado wakasema wana njaa huku tumbo limejaa. Uzito ulirudi, lakini mafuta yalitangulia na misuli ikafuata nyuma, hivyo kwa muda miili yao ilikuwa na mafuta mengi kuliko kabla ya kuanza. Keys na wenzake walitoa matokeo yote mwaka 1950 katika kitabu cha juzuu mbili.

Vijana hawa hawakuwa walafi, na nia yao haikuwa dhaifu. Walikuwa wamesimama peke yao dhidi ya taifa zima wakati wa vita kwa sababu ya imani yao. Ikiwa watu wa nia kama hiyo walishindwa kuyatuliza mawazo ya chakula, basi tusimcheke mama aliyejibana mwezi mzima, na siku ya harusi ya jirani akala sahani tatu za pilau.

KIANGAZI NI KIANGAZI

Sayansi ya miaka ya baadaye imetueleza sababu. Mwaka 1994 wataalamu wa New York waligundua homoni inayoitwa leptini. Hutengenezwa na mafuta ya mwili na kupeleka habari kwenye ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo hupata habari kwamba ghala linaisha. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua homoni nyingine, ghrelini, itokayo tumboni, ambayo huamsha njaa. Mtu akijibana, hiyo nayo hupanda.

Huko Melbourne, Australia, watu 50 wanene walipewa chakula kidogo sana kwa majuma 10, na wakapungua. Walipopimwa tena mwaka mmoja baadaye, homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya kwanza, na wenyewe walisema wanasikia njaa zaidi kuliko kabla ya kuanza. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2011.

Kumbe mwili haujui kwamba umejinyima kwa hiari yako ili uvae gauni la Pasaka. Mwili ulijifunza kuishi katika miaka ya ukame na nzige, na kwake kiangazi ni kiangazi. Ukiubana, hupunguza matumizi na kukuhimiza utafute chakula. Mvua ikinyesha, hujaza ghala.

"MAJI NIMESHAYAVULIA NGUO"

Mbali na homoni, ipo pia namna tunavyofikiri. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani waliwapa wasichana wa chuo kinywaji kitamu cha maziwa, na wengine hawakupewa kitu. Kisha wote waliombwa waonje aiskrimu na kula kadiri watakavyo. Wasichana ambao hawakuwa na desturi ya kujibana walikula aiskrimu kidogo baada ya kinywaji, kama tungetazamia, maana walikuwa wameshashiba kidogo. Lakini wale wenye desturi ya kujibana walifanya kinyume. Waliokunywa maziwa walikula aiskrimu nyingi kuliko waliojibana wenzao ambao hawakunywa kitu.

Sababu yake tunaifahamu wote. Mtu amejiwekea sharti kwamba haonji sukari. Akionja andazi moja tu kazini, anasema moyoni, "Leo nimeshaharibu, nitaanza tena Jumatatu." Jioni anakula maandazi sita. Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, lakini methali hiyo haifai mezani. Andazi moja ni andazi moja. Kosa kubwa huja pale mtu anapohesabu siku nzima kuwa imeharibika. Kadiri sharti linavyokuwa kali, ndivyo mtu anavyoanguka kwa kishindo siku linapovunjika.

WATOTO WETU MEZANI

Wazazi, jambo hili linatuhusu sana, kwa kuwa desturi ya kula hujengwa utotoni. Katika nyumba nyingi watoto husikia maneno ya namna mbili. La kwanza ni amri: "Maliza chakula chote, la sivyo nitakuchapa." La pili ni rushwa: "Ukimaliza mchicha nitakununulia soda."

Watafiti wa Marekani waliwapa watoto wadogo supu za ladha mbili kwa majuma kadhaa. Supu moja waliachiwa wale wapendavyo, na nyingine walihimizwa waimalize. Supu waliyohimizwa waliila kidogo zaidi, na wakaisema vibaya zaidi. Utafiti huo ulitolewa mwaka 2006. Mwingine wa mwaka 1999 ulihusu kukataza. Watoto waliwekewa vitafunwa vya aina mbili vinavyofanana, vya aina moja vikiwa wazi kwao na vingine vikionekana tu ndani ya chombo wasichoruhusiwa kugusa ila kwa dakika chache. Mawazo yao yote yalikwenda kwenye kile kilichokatazwa. Walikitaja, wakakiomba, na kiliporuhusiwa wakakiendea kwa pupa.

Kwa hiyo mama anayesema "maliza mchicha upate soda" anamfundisha mtoto kwamba mchicha ni adhabu na soda ni tuzo. Yafaa tufuate kanuni rahisi iliyotolewa na mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter: mzazi ndiye anayeamua chakula gani kipikwe, kiliwe saa ngapi na wapi, mtoto ndiye anayeamua ale kiasi gani. Soda isipokuwa nyumbani kila siku, hapatakuwa na haja ya kuikataza kila siku. Mahali watoto wanapokula sinia moja, tuangalie tu kwamba mdogo amepata sehemu yake, hasa ya mboga, maharage, dagaa au samaki.

Tahadhari moja: mtoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili anahitaji kulishwa kwa uvumilivu, kwa kubembelezwa na kuzungumzishwa, bila kukabwa. Na mtoto ambaye haongezeki uzito kwenye kadi ya kliniki, au anayekataa chakula kwa siku kadhaa, apelekwe kituo cha afya. Pengine ni mgonjwa.

MABINTI NA PICHA ZA TELEVISHENI

Katika visiwa vya Fiji, huko bahari ya Pasifiki, watu walikuwa na mawazo kama ya bibi zetu: mwili ulionawiri ni mwili mzuri. Televisheni ilipofika katika wilaya ya Nadroga mwaka 1995, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Anne Becker, aliwahoji wasichana wa shule za sekondari majuma machache tu baada ya hapo. Hakupata hata mmoja aliyejitapisha ili apunguze uzito. Aliporudi mwaka 1998, wasichana 11 hivi katika kila 100 walisema wamefanya hivyo, na 74 katika kila 100 walisema kwamba angalau mara nyingine wanajiona wanene mno. Miaka mitatu ilitosha.

Watoto wetu leo wanaona picha nyingi kuliko wale wa Fiji, tena mkononi, kwenye simu. Yatupasa tuwe macho. Zifuatazo ni dalili za hatari:

– Binti au kijana anakwepa kula na wenzake, kila siku anasema ameshakula kwingine.
– Anakonda upesi, anasikia baridi, anaona kizunguzungu.
– Binti anakosa hedhi kwa miezi kadhaa bila kuwa na mimba.
– Anakwenda chooni kila mara baada ya kula.
– Anatumia dawa za kuharisha au vidonge vya kupunguza mwili.

Kujitapisha na kuharisha kwa makusudi huondoa maji na chumvichumvi zinazouwezesha moyo kupiga sawasawa, na mtu anaweza kufa. Ukiona dalili hizo usimgombeze wala usimcheke. Zungumza naye kwa upole, kisha mpeleke kwa daktari. Vilevile tuchunge ndimi zetu. "Kibonge" na "tembo" kwetu ni utani, lakini kwa binti wa miaka 13 ni jeraha.

BASI TUFANYE NINI?

Habari njema ni kwamba aliye na uzito mkubwa hahitaji kuwa mwembamba ili apone hatari. Nchini Marekani watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa kwa muda wa karibu miaka mitatu. Kundi moja lilielekezwa kupunguza uzito kidogo tu, kilo 7 katika kila 100, na kutembea au kufanya mazoezi mengine kwa dakika 150 kwa juma. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kwamba hatari ya kisukari katika kundi hilo ilipungua kwa asilimia 58, ikilinganishwa na waliopewa mashauri ya kawaida na vidonge visivyo na dawa. Kwa mama wa kilo 80, hiyo ni kama kilo tano na nusu, na dakika 30 za kutembea kwa siku tano.

Tunashauri mambo yafuatayo:

1. Kula kwa saa zake. Anayeruka chakula cha asubuhi na cha mchana hufika jioni akiwa na njaa isiyojua kiasi.

2. Usifute chakula, badilisha sahani. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, kabichi au mboga nyingine. Robo iwe maharage, kunde, samaki au dagaa. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Ugali wa dona hushibisha kuliko wa sembe.

3. Anza na vinywaji. Soda na chai yenye vijiko vinne vya sukari huongeza kalori bila kushibisha. Punguza kijiko kimoja kila juma, ulimi utazoea.

4. Pima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Vya kukaanga kama chipsi na maandazi viwe vya siku moja moja.

5. Kula umekaa, polepole, pamoja na wenzako. Tumbo huchelewa kupeleka habari ya shibe.

6. Jiulize, "Je, hii ni njaa, au ni uchovu, hasira au upweke?" Kama ni huzuni, tafuta mtu wa kuzungumza naye. Chakula huituliza kwa dakika chache tu.

7. Badiliko liwe la nyumba nzima. Mama asile mboga peke yake huku wengine wakila chipsi mbele yake.

8. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa kila siku asibadili chakula kwa ghafla kabla ya kumwona daktari.

KUFUNGA SI KUPUNGUA

Wapo wanaongoja Kwaresima ili wapunguze tumbo. Hayo ni mambo mawili tofauti. Siku za kufunga, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, Kanisa linaruhusu mlo mmoja kamili na mingine miwili midogo, na sheria hiyo inawahusu wenye umri kuanzia miaka 18 hadi kuanza mwaka wa 60. Wagonjwa hawabanwi nayo. Anayefunga anakumbuka Mungu na wenye njaa, na anachokiokoa humpa maskini. Anayejitesa kwa sababu anauchukia mwili wake anafanya kazi nyingine. Vijana wa Minnesota walikubali njaa ili wengine wapate kulishwa, na hata hivyo iliwaumiza. Njaa inayotokana na aibu huumiza zaidi, na haimlishi mtu yeyote.

Basi, wapendwa, leo jioni chakula kikiwa tayari tuketi pamoja. Tuweke mboga nyingi, tusimwite mtu yeyote kibonge, tusimlazimishe mtoto amalize, na anayesema ameshiba tumwamini.